Ramani ya familia saba iliyogeuka kama kwenye kioo, na Mwalimu wa ploti namba nne akaitwa mtoa rushwa

Wakuu, salamu kutoka Kisumu, upande wa Migosi, penye leo mvua imeamua hakuna mtu kutoka nje.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, napita. Leo nimeona nami nitoe yangu.

Haina mapenzi wala majini, mnisamehe. Ina hesabu, shamba, na kaburi la mtu. Nitaeleza vile ilivyokuwa, na penye nilijiaibisha sitapafunika. Majina ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika wako hai na wote wana simu.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mwanamke, nimesoma pure mathematics mpaka masters. Thesis yangu ilikuwa juu ya group actions. Najua wengine mmeshaanza kutafuta uzi mwingine. Ngojeni, ni jambo rahisi kuliko jina lake.

Panga vikombe saba mezani kwa mstari. Sasa andika orodha ya njia za kuvihamisha: kuviacha vilivyo, kuvigeuza cha kwanza kiwe cha mwisho, na kadhalika. Orodha yako iwe hivi: ukifanya njia moja halafu nyingine, unachopata tayari kiko kwenye orodha, na kila njia ina ya kuirudisha. Orodha hiyo ndiyo group. Ikianza kuhamisha vikombe, hiyo ndiyo action.

Halafu unajiuliza maswali mawili. Kikombe hiki kinaweza kufika wapi na wapi? Na kipi hakisogei kabisa?

Basi. Miaka yangu ya masters ilikuwa hayo maswali mawili, na chai nyingi.

Nilipomaliza, kazi ya hayo maswali sikuona. Nilifundisha tuition, nikauza mitumba kidogo, mpaka nikaandikwa kazi na surveyor mmoja hapa mjini. Tumwite Surveyor Odera. Ni mzee wa kucheka, tumbo lake linaingia ofisini mbele yake, na ardhi ya huku anaijua kama kiganja chake. Alinichukua kwa sababu alitaka mtu wa kuingiza namba kwenye kompyuta bila kukosea.

Hapo ndipo nilijifunza GIS. Kwa asiyejua: ni ramani ya kompyuta ambayo kila kipande chake kimefungwa na jedwali. Unabonyeza shamba, linakuambia namba yake, ukubwa wake, mwenyewe ni nani. Unaweza kuliweka juu ya picha ya satelaiti ukaona kama mstari wa kwenye karatasi unapita kweli penye ua unapita.

Niliipenda hiyo kazi vibaya sana. Lakini kwa muda mrefu niliona thesis yangu na kazi yangu ni wageni wawili wasiosalimiana.

Sasa kisa chenyewe.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja ofisini, amevaa kitenge cha kijani, bahasha kifuani. Mama Pamela. Alikuwa ametoka karibu na Luanda Kotieno, pale ferry ya kwenda Mbita inapoondokea. Alikataa kiti.

"Surveyor ni nani hapa?"

Odera akasema ni yeye.

"Basi niambie wewe. Mume wangu nilimzika kwa shamba lake. Baba yake ndiye alimwonyesha hapo. Sasa hii karatasi inasema amelala kwa mtu. Nimfukue nimpeleke wapi?"

Odera akasimama akamvutia kiti mwenyewe, akamwambia, "Mama, kaa. Hakuna mtu anafukuliwa leo." Hapo ndipo akakaa.

Alichotueleza ni hiki. Kwao kuna familia saba, ploti saba zimepangwa kwa safu moja kama meno. Juu kuna barabara, chini kuna ziwa. Kila ploti ni ndefu, inatoka barabarani mpaka majini. Ukisimama barabarani ukitazama ziwa, namba moja iko mkono wako wa kulia, upande wa magharibi, na namba saba iko kushoto kabisa. Wameishi hivyo tangu babu zao wapimiwe.

Karibuni kampuni fulani (siitaji, na msiniulize) ilipewa kazi ya kuingiza ramani za zamani kwenye kompyuta. Ramani mpya ikaletwa, assistant chief akaisoma mbele ya watu, akasema mwenye pingamizi aseme kabla ya baraza la mwisho wa mwezi.

Mama Pamela ana ploti namba mbili. Ramani mpya inasema penye anaishi ni namba sita. Namba mbili imehamia kwa rafiki yake, Mama Awino wa namba sita.

Hao wawili walikuwa wanaimba kwaya moja, wanakausha omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja, mmoja akienda sokoni mwingine anamwangalizia boma. Sasa hawasalimiani. Mama Awino aliingiwa na hofu kwamba mwenzake anataka nyumba yake mpya ya mabati. Mama Pamela naye aliogopa juu ya kaburi.

"Na wengine?" nikauliza.

"Wote wamehamishwa. Wa kwanza na wa saba wanatishiana na panga. Wa tatu na wa tano wamepelekana kwa chief. Kila mtu ana adui wake."

Kisha akashusha sauti.

"Isipokuwa Mwalimu Oluoch. Namba nne. Yeye ramani haikumgusa. Nyumba yake iko penye iko, choo chake, boma la ng'ombe, kila kitu sawa. Sasa wewe msichana umesoma. Ramani inavuruga watu sita na kuacha mmoja. Huyo mmoja amekula na nani?"

Wakuu, nikarudia zile namba kichwani.

Moja na saba. Mbili na sita. Tatu na tano. Nne peke yake.

Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya bahasha ya yule mama bila hata kumwomba ruhusa. Hiyo haikuwa fujo. Fujo haipangiki hivyo. Kitu kimoja kilikuwa kimegeuza mstari mzima, na wa nne alibaki kwa sababu yuko katikati. Yule wa katikati hata akitaka kuhama hawezi. Hana pa kwenda.

Nikamwambia Odera, "Ramani imegeuzwa juu chini. Wameizungusha nusu mzunguko." Nilisema kama mtu aliyeota jibu la mtihani.

Akaniangalia juu ya miwani. "Una uhakika?"

"Kabisa."

Hilo neno kabisa mliweke akilini. Linakuja kunichapa.

(Samahani, nilikuwa nimeenda kutoa sufuria kwa moto. Naendelea.)

Siku mbili baadaye tulikuwa Luanda Kotieno na pickup ya ofisi, mashine ya GPS, jembe na mtaimbo. Watu walikuwa wameshajua tunakuja. Walikuja wote saba na nusu ya kijiji. Mama Pamela alisimama kulia, Mama Awino kushoto, katikati yao unaweza kupitisha trekta.

Mwalimu Oluoch alisimama mbali, karibu na geti lake. Ni mzee mrefu, mwembamba, alifundisha primary mpaka akastaafu. Shati limepigwa pasi. Hakuna aliyesimama naye. Baadaye niliambiwa alikuwa ameacha hata kwenda kanisani, kwa sababu akikaa kwa benchi, benchi linabaki lake peke yake.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Surveyor wa zamani alizika bikoni kwenye kila kona: chuma ndani ya zege. Nyingi zilikuwa zimemezwa na udongo na hakuna aliyekumbuka ziko wapi. Mimi nilikuwa nimechukua ile ramani ya kompyuta, nikaizungusha nusu mzunguko kwa software, nikasoma bikoni kati ya namba mbili na tatu, ile ya chini karibu na maji, inapaswa kuwa wapi. Tukiipata pale, maneno yamekwisha.

GPS ikatupeleka. Nikaonyesha kwa kidole. "Chimbeni hapa."

Vijana wakachimba. Udongo mweusi. Wakachimba tena. Mizizi. Wakaongeza shimo mpaka mtu akaingia kiuno. Maji yakaanza kutoka chini.

Hakuna chuma. Hakuna zege. Kulikuwa na kaa mmoja tu, naye alikasirika.

Mama Awino akapiga makofi mara moja, pwaa. "Yawa! Hata hawa wametumwa." Watu wakaanza kuguna. Mzee wa namba saba akasema anaenda kunoa panga, na sikuona kama ni mzaha.

Nilitamani lile shimo liwe langu. Mama Pamela alikuwa ametoka kwake mpaka Kisumu, na mimi nimemletea shimo.

Odera akawaambia watu tupumzike kwanza, jua limekuwa kali. Akanivuta kando.

"Ulisema kabisa."

"Nilisema."

"Sawa. Sasa tumia hiyo hesabu yako vizuri. Mimi naongea na hawa." Akaenda kuwapigia hadithi za ujana wake, na ndani ya dakika chache wengine walikuwa wanacheka. Huyo mzee Mungu amweke.

Mimi nikaenda penye hakuna watu. Yaani kwa Mwalimu.

Aliniletea maji ya kunywa kwenye gilasi juu ya sahani, kama mgeni wa maana. Hakuniuliza kama tumepata. Alikuwa ameona.

"Nyathina," akaniambia, yaani mtoto wangu, "usiponipata na hatia leo, watasema nimekununua wewe pia."

Nikamwomba nipime ua wake, angalau nifanye kitu na mikono yangu.

Ua wake ni wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe inayopandwa kwenye mipaka huku kwetu. Baba yake aliipanda kutoka bikoni hadi bikoni, Mwalimu mwenyewe akiwa mdogo. Nikaanza barabarani na GPS mkononi, nikishuka kuelekea ziwani, natazama kwenye screen mstari wa ile ramani ya kampuni uko wapi kulingana na ua.

Barabarani, mstari ulikuwa mkono wangu wa kulia, hatua chache kutoka kwa ua.

Nikashuka. Mstari ukasogea karibu.

Karibu na nyumba, mstari na ua vikawa kitu kimoja.

Nikashuka zaidi kwenye mafunjo. Mstari ukawa kushoto.

Nilisimama nikarudia kutoka juu. Vile vile. Ua na mstari vilikuwa vinakatana kama mkasi uliofunguliwa!

Wakuu, hapo ndipo nilielewa ujinga wangu.

Zile ploti hazikupimwa wima kabisa. Zimelala kidogo. Ukishuka ziwani, mipaka inaegemea magharibi. Ya kwenye kompyuta inaegemea mashariki.

Sasa chukua fimbo iliyolala kidogo upande mmoja, izungushe nusu mzunguko mezani. Bado imelala upande ule ule. Jaribu hata sasa na kalamu. Lakini itazame kwenye kioo: imelala upande wa pili.

Kwa hivyo ramani haikuzungushwa. Ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo, kulia kuwa kushoto.

Zote mbili, kuzungusha na kioo, zinabadilishana moja na saba, mbili na sita, tatu na tano. Zote zinaacha nne. Mimi niliona zile jozi nikaruka kwa jibu la kwanza lililonipendeza. Ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe ningejipa sufuri. Njia mbili tofauti zilitoa jozi zilezile, na sikuuliza ni kitu gani kingine kinachozitofautisha.

Na kuna jambo lingine, tamu kuliko hilo. Ramani ilikuwa imemkosea hata Mwalimu! Nyumba yake ilibaki ndani kwa sababu iko katikati ya ploti, lakini kule chini kwenye mafunjo ilikuwa imemkata kona moja na kumpa kona ya jirani. Hakuna aliyeona kwa sababu hakuna anayejenga kwenye mafunjo, wala pale juu kando ya barabara.

Nikamgeukia. "Mwalimu, kama ulihonga mtu, ulihonga vibaya. Wamekukata hapa chini."

Alinikodolea macho. Halafu akacheka, wakuu. Alicheka mpaka akashika ua, akauchubua, utomvu ukamwagika mkononi, na bado anacheka.

Nilikaa chini pale pale na laptop kwenye mapaja. Nikageuza ramani kama kioo. Nikasoma upya ile bikoni ya kati ya namba mbili na tatu. Sehemu mpya ilikuwa mita kama sita tu kutoka kwa shimo letu, kuelekea magharibi.

Mita sita. Tulikuwa tumechimba jirani kabisa na ukweli.

Nilirudi mbio. Odera alipoona uso wangu akanyamaza katikati ya hadithi.

"Tunachimba tena," nikasema.

"Una uhakika?"

"Hapana. Lakini hii inaelezea ua, na ile ya kwanza haikuelezea."

Akatabasamu. "Hilo ndilo jibu la surveyor."

Vijana walikuwa wamechoka, wakakataa. Nikachukua jembe mwenyewe. Nililima kama mtu anayetafuta riziki. Watu walitazama kwa huruma.

Halafu nikaona miguu miwili imesimama upande wa pili wa penye nilikuwa nachimba. Mama Pamela alikuwa amekunja kitenge chake, ana mtaimbo. Akaanza kuchoma udongo mbele yangu.

Mara ya tatu au ya nne, mtaimbo ukalia. Ngwii.

Kila mtu alisikia.

Tukapiga magoti tukatoa udongo kwa mikono. Zege, limekuwa jeusi kwa uzee, na katikati kichwa cha chuma chenye kutu, kimekaa pale kama kiliambiwa kisiondoke.

Mama Pamela aliweka kiganja juu yake. Akalia bila sauti. Kisha nikasikia mtu anapiga kigelegele nyuma yetu, kirefu, cha mtu anayejua kuimba.

Alikuwa Mama Awino.

(Naona mkuu mmoja ameuliza hapo chini: mbona waliokagua hiyo ramani hawakuona kosa? Swali zuri, mkuu. Ngoja nieleze.)

Tuliporudi Kisumu, Odera alitafuta nakala ya kitabu cha vipimo cha yule surveyor wa zamani. Mzee yule alipima kutoka nguzo moja iliyokuwa katikati kabisa ya safu, kando ya barabara. Umbali wa kwenda magharibi aliuandika kama namba ya kawaida, na wa kwenda mashariki akauwekea alama ya kutoa. Juu ya safu hiyo ya namba kuna herufi W, ya west, yaani magharibi, ndogo, imefifia, ukipita haraka unadhani ni doa.

Aliyeingiza kwenye kompyuta hakuiona. Alidhani namba za kawaida ni za mashariki, kama tulivyozoea. Kila kitu kikaruka upande wa pili wa nguzo.

Na eneo lote lilikuwa mstatili, nguzo katikati ya upande wake wa barabarani. Mstatili ukiutazama kwenye kioo bado ni mstatili ule ule. Kwa hivyo mpaka wa nje ulikaa vizuri kabisa. Barabara ilikaa. Ukubwa wa eneo haukupungua hata kidogo. Mkaguzi yeyote angeangalia nje akasema safi. Kosa lilikuwa limejificha ndani ya ulinganifu wa umbo lenyewe.

Sikumlaumu yule mtu wa kompyuta. Mimi nilikosea mbele ya kijiji kizima, na sikuwa nasoma doa.

Sasa baraza.

Lilifanyika kwenye uwanja wa kanisa, hema limefungwa, assistant chief mbele na Biblia na mafaili. Odera alinipa nafasi nieleze. Nilikuwa na projekta, lakini stima ilikuwa imekwenda. Nilikuwa na karatasi nzuri zenye mishale. Nikaona macho ya akina mama wa nyuma, nikajua mishale haitafika huko.

Nikasema, "Wenye ploti wote saba waje mbele."

Wakaja. Nikawapanga kwa safu, kila mmoja na namba yake ameandikiwa kwenye boksi la karatasi. Nikamweka mjukuu wa mzee wa namba saba asimame awe ziwa. Watu wakacheka.

"Hivi ndivyo babu zenu walipimiwa," nikasema. "Sasa kompyuta ilifanya hivi. Moja, badilishana na saba."

Wakabadilishana, wale wazee wawili wa panga, wakipishana bila kuangaliana.

"Tatu na tano." Wakapishana.

"Mbili na sita." Mama Pamela na Mama Awino wakakutana katikati ya safu. Walipofika bega kwa bega walisimama kidogo. Mama Awino akamtoa mwenzake jani lililokuwa limekwama kwenye kilemba. Kisha kila mmoja akaenda.

"Sasa namba nne. Mwalimu, hama."

Mwalimu Oluoch akatazama kulia, akatazama kushoto. Pande zote zimejaa. "Niende wapi?"

"Hakuna," nikasema. "Wewe uko katikati. Kioo kinabadilisha watu wa pembeni. Wa katikati kinamwacha. Hakuhonga mtu. Alizaliwa namba nne."

Watu wakageuka kumtazama Mwalimu.

Nikaongeza habari ya mafunjo, kwamba hata yeye alikatwa. Nikaeleza vile ua wake ndio uliotuonyesha penye bikoni iko. Bila yeye tungekuwa bado tunachimba kaa.

Mzee wa namba saba ndiye alisogea kwanza. Yule wa panga. Aliweka chini boksi lake, akatembea mpaka mbele ya Mwalimu, akavua kofia.

"Japuonj," akasema, yaani Mwalimu, "mimi ndiye nilianzisha hayo maneno yako. Nilisema kwa sababu nilikuwa na hofu. Nisamehe."

"Nilikufundisha wewe na watoto wako wote kujumlisha," Mwalimu akamwambia. "Ungekuja tu kuniuliza."

"Ningekuja."

"Basi kaa. Umekuja."

Wakashikana mikono, na hilo hema, wakuu, lilipasuka kwa vigelegele. Assistant chief alijaribu kurudisha utulivu akaona ni kazi bure, naye akapiga makofi. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisa. Mama Awino akaipokea sauti ya juu, na Mama Pamela akaingia na ya kati kama hawajawahi kuachana siku moja.

Mimi nililia. Odera alisema ni vumbi limeniingia, na mimi nikakubali ni vumbi.

Pingamizi liliandikwa, ramani ikarekebishwa, na tukarudi kuweka bikoni mpya kwenye kila kona. Siku hiyo hatukuruhusiwa kuondoka. Kulikuwa na samaki mbuta wa kukaangwa, kuon, yaani ugali, ya mtama, mboga za kienyeji, na Mama Pamela alinipeleka mwenyewe kwenye kaburi la mumewe. Alilizungushia mawe meupe. Aliongea naye kidogo kwa Dholuo, akanitambulisha. "Huyu ndiye," akamwambia, "amesema ubaki." Kisha akanigeukia: "Ero kamano." Asante.

Nimepewa asante nyingi tangu hapo. Hiyo moja bado naisikia.

Mwalimu naye alikaa nami siku hiyo na kokoto saba juu ya benchi, anataka hesabu yote. Nilimwonyesha zile group, nikamwonyesha ni nani anafika wapi na nani habadiliki. Alishika haraka kuliko wengi niliosoma nao. Wiki iliyofuata akanipigia simu saa ya chakula cha mchana.

"Nimejaribu vioo viwili," akasema bila hata salamu. "Nikiweka kimoja baada ya kingine, kokoto hazigeuki tena. Zinateleza tu upande mmoja! Hiyo ni kweli au nimezeeka?"

Ni kweli. Vioo viwili vilivyosimama sambamba vinakupa mtelezo. Aligundua mwenyewe, mzee aliyestaafu, na kokoto za ufuoni. Nilimwambia hivyo, halafu nikasikia anaita watu nje: "Kujeni mwone!"

Jumapili alirudi kanisani. Naambiwa benchi lake sasa halitoshi.

Nimejifunza nini?

Moja ni la kazi. Kosa linaloharibu kila kitu ni rahisi, utaliona mapema. La kuogopa ni lile linalokaa vizuri ukilitazama kutoka nje. Ingia ndani, upime ua.

La pili ni la watu. Mtu akibaki salama wakati wengine mmeumia, huo si ushahidi. Pengine amesimama tu penye shida haikufika. Nenda umuulize kabla ya kumwachia benchi.

Na kwa wadogo zangu mnaosomea vitu ambavyo hakuna tangazo la kazi linavitaja: someni vizuri tu. Sijui kitawafaa lini. Changu kilinifaa kwenye matope, na jembe mkononi, baada ya kukosea.

Nimemaliza. Wale wa survey mnikosoe penye nimerahisisha kupita kiasi. Wale wa hesabu najua mnawashwa, njooni. Na wewe uliyewahi kumnunia jirani kwa sababu ya karatasi, au kununiwa, weka hapa chini ilivyoisha. Kama haijaisha, nieleze umbo la shamba.